Je, Wajua? Nati Iliyotumbukia Kwenye Injini

Je, wajua kwamba nati ya M6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10, ina unene wa milimita 5 hivi, na kwamba katika injini nyingi za dizeli pistoni ikifika juu kabisa huacha nafasi isiyofika milimita 1 kati yake na hedi? Milimita 5 haziingii kwenye 1. Lazima kitu kipinde, kipasuke au kitoboke, na kwa kawaida alumini ya pistoni ndiyo inayotangulia kusalimu amri, si chuma cha nati.

Je, wajua kwamba injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila pistoni hupanda mara 50 kwa sekunde moja? Ndiyo maana kauli ya hatari kuliko zote penye boneti iliyo wazi ni "hebu piga stata kidogo tusikie." Stata peke yake huzungusha injini kama mara 200 kwa dakika, yaani zaidi ya mara tatu kila sekunde. Hiyo "kidogo" inatosha kabisa.

Haya ni ya kila dereva, lakini yana uzito wake kwa anayefungua boneti Mpofi, kule Masisi inakopakana na Walikale, Kivu Kaskazini, mwendo wa kutoka Sake, kupanda milima ya Masisi, kupita Nyabiondo na kuingia misituni. Fundi wa Dar es Salaam akiharibu pistoni hutuma kijana Gerezani, na kazi ikaendelea. Wa Nairobi humtuma Kirinyaga Road, wa Kampala humtuma Kisekka. Mpofi pyesi, yaani vipuri, husubiriwa kutoka Goma, na mvua ikishalowesha udongo wa barabara ile, lori hulala palepale liliponasa. Vita na vizuizi vya njiani bado hujavihesabu. Nati ya bei ya andazi inaweza kulaza gari wiki nzima na zaidi.

Je, wajua kwamba nati ikikuponyoka kutoka urefu wa nusu mita hufika chini kwa sekunde 0.32? Jicho na mkono wa binadamu huhitaji kama sekunde 0.2 ili kuanza tu kuitikia. Kuidaka ni bahati, na mkono unaoikimbilia ndio mara nyingi unaoisukuma pabaya zaidi. Sikio lina faida kuliko mkono. Nati ikigonga alumini hulia kwa sauti kali. Ikigonga plastiki hutoa sauti butu. Ikilia mara moja kisha kimya, huenda imetua kwenye grisi na vumbi. Kwa hiyo ikianguka, simama kama ulivyo. Nyamaza, na anayekushikia tochi naye anyamaze, maana huyo ndiye huanza kutoa ushauri nati ikiwa bado iko hewani.

Je, wajua kwamba vitu vingi vinavyosemwa vimepotea "ndani ya injini" havimo ndani ya injini? Vimekaa juu ya manifodi, kwenye fremu, chini ya betri, au kwenye bamba la plastiki lililofungwa chini kukinga matope. Gari lililopita barabara mbovu miaka mingi huwa limekwishapoteza bamba hilo, na hapo kitu hudondoka moja kwa moja ardhini. Tandika turubai au kitenge chini ya gari kabla ya kufungua chochote. Kitenge chenye maua mengi hakifai, nati hujificha humo. Tafuta cha rangi moja.

Wengine hulitikisa gari ili kitu kidondoke. Si vibaya, ila gia iwe huru. Gari likiwa kwenye gia, kulisukuma ni kuizungusha injini, na hicho ndicho tunachokikimbia.

Je, wajua kwamba betri huanza kufunguliwa upande wa hasi kwa sababu ya spana inayoponyoka, wala si kwa sababu ya desturi? Katika magari mengi hasi imeungwa na bodi nzima ya gari. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha ncha mbili za betri kwa kipande cha chuma. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa kishindo kimoja. Spana huwa nyekundu, pete ya ndoa nayo huwa nyekundu ikiwa kidoleni. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Kwa hiyo kabla ya kuchokonoa kitu kilichoanguka kwa fimbo ya chuma, hasi iwe imekwishatoka.

Je, wajua kwamba soketi namba 10 ndiyo ambayo mafundi wa dunia nzima hulalamika kuwa inapotea kuliko zote? Uchawi haumo. Bolti ya M6 ndiyo iliyozagaa kwenye gari la Kijapani: vifuniko, vibano vya betri, vishikio vya mipira na nyaya. Gari hilo hufunguliwa kwa 10, 12, 14 na 17, na 10 ndiyo hushikwa mara nyingi zaidi. Kinachoshikwa sana ndicho kinachoanguka sana.

Na je, wajua kwamba soketi hiyo hiyo kwa kawaida haiwezi kuingia kwenye silinda kupitia tundu la plagi? Tundu la kawaida lina uzi wa milimita 14, na ndani yake hubaki kama milimita 12 na ushee. Soketi ya 10 ikiongezwa unene wa kuta zake huzidi hapo. Lakini nati ya M6, ambayo kutoka kona hadi kona ina kama milimita 11, hupita bila kugusa. Bibi yake, washa ya kawaida, naye anaweza kupita.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wa haraka hulisahau. Katika injini nyingi za petroli za siku hizi plagi, au bugi kama isemwavyo Kivu, imekaa chini ya kisima kirefu katikati ya hedi. Kitu kikiangukia kisimani wakati plagi bado imefungwa, hakijaingia popote. Plagi yenyewe ndiyo mlango, na mlango umefungwa. Maafa huja pale mtu anapofungua plagi kwanza ili "apate nafasi" ya kukitoa. Toa kitu, kisha toa mchanga na vumbi, ndipo ufungue plagi. Kwa mpangilio huo tu.

Dizeli haina plagi za cheche. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2 iliyotolewa na Toyota mwaka 1990, ambazo mashirika na hospitali huzitumia sana katika barabara za namna hii, hunyunyiziwa mafuta na nozeli. Chini ya nozeli nyingi za dizeli hukaa washa laini ya shaba. Ukichomoa nozeli washa ikabaki tunduni, usihangaike na sumaku, kwa sababu shaba haivutwi. Chonga kijiti cha mti kiwe chembamba mbele na kinene nyuma, kisukume polepole ndani ya tundu la washa mpaka kiume, kisha vuta. Mti usiwe mkavu wa kuvunjika. Huko msituni hakuna uhaba wa mti.

Je, wajua kwamba sumaku nzuri ya fundi imo ndani ya redio iliyokufa? Nyuma ya kila spika kuna sumaku ya mviringo. Isugue kwenye bisibisi kwa upande mmoja, kutoka mpini kwenda nchani, mara kadhaa bila kurudi nyuma, na bisibisi itashika nati ndogo. Au funga kipande cha sumaku hiyo kwenye spoku ya baiskeli. Spoku hupindika inapotakiwa na kubaki ilivyopindishwa, jambo ambalo fimbo nyingi za dukani haziwezi.

Tatizo la sumaku ni tamaa. Ukiipitisha kwenye uchochoro wa chuma hushika kila ukuta kabla ya kufika kwenye nati. Bloki ya 1HZ ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo hapo sumaku itakusumbua sana. Dawa yake ni mrija: chukua kipande cha mpira wa mafuta au ganda la kalamu ya wino, ivalishe fimbo yote mpaka karibu na ncha, sumaku ichungulie kidogo tu. Kuta hazitaishika tena.

Je, wajua pia kwamba joto huua sumaku? Zile ndogo zenye nguvu nyingi, za neodimiamu, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani kwa wakati mmoja, aina zake za kawaida huanza kudhoofika zikipita nyuzi joto 80 za Selsiasi. Maji ya injini inayofanya kazi hufika nyuzi 90 hivi. Kwa hiyo anayechovya sumaku yake kwenye injini moto anaiharibu kidogo kila siku, kisha analaumu Wachina. Sumaku za kizamani za alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti, huvumilia joto la nyuzi mia kadhaa bila wasiwasi. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake, huchimbwa Kongo hii hii, kusini, upande wa Kolwezi. Inawezekana kabisa kwamba sumaku inayouzwa Birere mjini Goma kwa jina la Dubai iliwahi kutoka ardhini Kongo.

Je, wajua kwamba sumaku haina habari na alumini, shaba, wala aina nyingi za chuma kisichoshika kutu? Hapo inaingia grisi. Chovya ncha ya kijiti kwenye grisi nzito, bandika juu ya kitu, subiri, inua. Hufanya kazi kwa nati, washa na skrubu ndogo. Kwa soketi haifanyi, nzito mno. Ubani wa kutafuna hufanya kazi vizuri kuliko grisi, ilimradi injini ni baridi. Ikiwa moto, ubani huyeyuka na sasa una vitu viwili vya kutoa.

Kibano cha mafundi, kile chenye makucha manne yanayochanua ukibonyeza nyuma, huweza kutengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Upitishe waya ndani ya mrija wake, ncha ifumue nyuzi zake, zipinde kidogo kuelekea ndani. Ukisukuma waya, nyuzi zinachanua, ukivuta, zinafumbata. Nguvu yake ni ndogo, lakini hupita kwenye kona tatu mfululizo, na haichagui kati ya chuma na alumini.

Upepo wa kompresa? Hapana. Hujui unasukuma wapi.

Kufyonza ni bora, ila mashine ya kufyonza vumbi isigusane na petroli. Ndani ya mashine hizo kuna mota inayotoa cheche. Kufyonza petroli kwa mdomo kupitia mpira, kama wafanyavyo wauza mafuta wa barabarani, nako ni hatari: mafuta yakiingia mapafuni mara moja tu yanatosha, na mapafu hayana duka la pyesi hata Goma.

Je, wajua kwamba kamera ndogo ya kuchungulia ndani ya injini, ile ya waya mrefu inayochomekwa kwenye simu, ni ndugu wa mpira wanaouingiza madaktari tumboni? Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Michigan, alitumia kifungu cha nyuzi za kioo zinazopinda na kupitisha mwanga ili aone tumbo la mtu kwa ndani. Wa kwanza kuujaribu mpira wenyewe alikuwa yeye: aliuingiza kooni mwake. Kamera za leo za simu hutumia kijicho cha elektroniki badala ya nyuzi za kioo, zina unene wa milimita 5 au 6 hivi, na hupita tundu la plagi kwa urahisi. Penye mtandao hafifu usijali, hazihitaji mtandao. Zinahitaji simu yenye chaji, ambayo Mpofi ni suala la jua na paneli.

Sasa tutoke kidogo. Je, wajua kwamba soketi iliyoponyoka iliwahi kulipua kombora lenye bomu la nyuklia? Tarehe 18 Septemba 1980, karibu na mji wa Damascus katika jimbo la Arkansas, Marekani, wanajeshi walikuwa wakifanya kazi kwenye kombora la Titan II ndani ya shimo lake. Soketi yenye uzito wa kilo 3 na nusu hivi ilichomoka kwenye mpini, ikaanguka zaidi ya mita 20, ikadunda chini na kutoboa tangi la mafuta. Hakuna aliyeweza kuziba. Saa za usiku zilipita mafuta yakivuja na mvuke ukijaa shimoni, na alfajiri ya tarehe 19 kombora lililipuka. Mfuniko wa shimo, wenye uzito wa mamia ya tani, ulirushwa. Bomu lenyewe lilitupwa nje likaangukia karibu na lango la kituo, na halikulipuka. Mwanajeshi mmoja alikufa, wengine wengi wakajeruhiwa. Fundi wa kijijini akiambiwa afunge zana yake kwa uzi mkononi asione anadharauliwa.

Karibuni zaidi: tarehe 6 Desemba 2023, mafundi waliokagua injini ya ndege kubwa ya Airbus A380 ya Qantas mjini Los Angeles waliacha ndani yake fimbo ya nailoni ya urefu wa mita 1.25, inayotumika kuzungushia injini kwa mkono. Ndege iliruka nayo safari 34, karibu saa 294 angani, mpaka ikaonekana tarehe 1 Januari 2024. Uchunguzi wa Australia ulibaini kwamba fimbo ilijulikana kuwa haionekani, lakini utaratibu wa kuitafuta haukufuatwa kabla ya ndege kuruhusiwa. Abiria hawakudhurika. Mita moja na robo! Mtu asikucheke kwa nati.

Tochi ya mkononi iliyosahauliwa kwenye mdomo wa injini ya ndege ya kivita F-35 huko Arizona mwezi Machi 2023 ilisababisha hasara ya karibu dola milioni 4. Tochi ilikuwa tochi ya kawaida.

Na angani? Novemba 2008 mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga akifuta grisi iliyovuja kutoka kwenye bomba lake la grisi, begi zima la zana likaponyoka na kuelea zake. Kwa miezi kadhaa watu wenye darubini waliliona likipita juu ya dunia, mpaka lilipoungua likiingia kwenye angahewa mwaka 2009. Grisi hiyo hiyo tuliyoisifu hapo juu.

Je, wajua kwamba grisi ndiyo iliyookoa injini za meli ya Ziwa Tanganyika? Wajerumani waliiunda Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande, wakavisafirisha ndani ya maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma. Julai 1916, Wabelgiji na Waingereza wakiwa wanakaribia, waliamriwa kuizamisha. Mafundi waliagana nayo kwa kupaka injini grisi nzito kote. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua majini, na injini zilikutwa zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukilazimika kuacha injini wazi ukisubiri pyesi kutoka Goma, unajua la kufanya: oili kwenye silinda, grisi kwenye nyuso zilizochongwa, turubai juu. Unyevu wa Walikale hautakungoja.

Je, wajua kwamba ardhi ya hapo jirani imo ndani ya injini? Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi zinazovalishwa aloi laini ya bati, ili mhimili uzunguke bila kujila. Bati bado limo kwenye beringi za injini nyingi, na kwenye lehemu ya kila saketi ya gari. Walikale ina Bisie, moja ya machimbo ya bati tajiri kuliko yote duniani. Miaka ya 2000, wachimbaji walibeba kasiteriti, yaani madini ya bati, mgongoni kupita msituni, na ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo kuibeba hadi Goma. Barabara ikawa uwanja wa ndege kwa sababu haikufaa kuwa barabara. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantalamu inayotumika kwenye vifaa vya elektroniki, kompyuta ya injini ikiwa mojawapo. Madini yanatoka kwa njia ile ile ambayo nati ya M6 inashindwa kuingilia. Hilo nalitaja tu.

Je, wajua kwamba pikipiki za Kijapani zina skrubu za msalaba zinazofanana na za Phillips lakini si hizo? Henry Phillips wa Marekani alipata hataza za skrubu zake mwaka 1936, na bisibisi yake huelekea kuteleza nje ukizidisha nguvu. Skrubu za Kijapani zina mfereji wenye kona tofauti kidogo; nyingi huwekewa nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya Phillips haifiki chini ya mfereji, inaparaza, skrubu inaliwa, na mkono ulioteleza ndio unaoangusha vitu. Fundi wa pikipiki hupunguza ncha ya Phillips kwa tupa, kidogo sana, mpaka ikae.

Kabureta za zamani zina mtego wao: nati ya masikio inayoshika mfuniko wa kichujio cha hewa. Iko juu kabisa ya koo la kabureta, na hufunguliwa kwa vidole vyenye oili. Ikitumbukia na kipepeo cha hewa kikiwa wazi, imeshafika manifodi. Kabla ya kuigusa, ziba. Kitambaa kiwe kikubwa kiasi cha kuning'inia nje, na kiwe chekundu au cheupe, kisiwe cheusi cha kufanana na mpira. Gunzi la mahindi linaziba vizuri lakini linamomonyoka.

Kwenye turbo, hata chembe ya mchanga ni kitu. Gurudumu lake huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na mapezi yake ni alumini nyembamba. Mpira wa hewa ukifunguliwa, ziba papo hapo.

Kilichoangukia sampu kina nafuu. Mdomo wa pampu ya oili una chujio, na nati iliyolala chini mara nyingi hulala hivyo hivyo miaka. Sisemi uiache. Mwaga oili, ukichungulia: tundu la kumwagia la M14 lina nafasi ya milimita 12 hivi ndani, kwa hiyo nati ya M6 inaweza kutoka pamoja na oili, soketi haiwezi. Oili ipitishe kwenye kitambaa kabla ya kuitupa, la sivyo hutajua kama imetoka. Lakini ikiwa ilipitia upande wa cheni au mkanda wa taiming, usijifariji. Hapo kipande kidogo kinaweza kuvusha meno, valvu na pistoni zikakutana, na hedi yote ikashuka chini.

Je, wajua kwamba karakana za ndege huchora umbo la kila zana ukutani, ili nafasi tupu ionekane hata na anayepita? Kiwanja cha Mpofi hakina ukuta, lakini kipande cha mbao na mkaa vipo. Chora spana zako. Nati zilizotolewa zipange juu ya mbao hiyo kwa mpangilio wa zilikotoka, na mtoto asipewe kuzichezea hata akilia.

Jamaa wa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho Goma wamekijengea sanamu, husikia maongezi haya wakicheka, maana injini ya chukudu ni goti la mwenyewe.

La mwisho. Je, wajua kwamba kamshafti huzunguka mara moja tu wakati krankshafti imezunguka mara mbili? Kwa hiyo ukishakitoa kitu, au ukidhani umekitoa, usiguse ufunguo. Plagi zote ziwe nje, soketi kwenye bolti ya puli ya mbele, uzungushe kwa mkono upande ule ule injini inakozunguka: nyingi kulia zikitazamwa kutoka kwenye puli, Honda nyingi za zamani kushoto. Mizunguko miwili kamili, ili kila pistoni na kila valvu imalize zamu yake. Ikigota, isilazimishwe, rudisha nyuma kidogo, rudi kwenye kamera. Ikipita laini yote miwili, rudisha plagi, funga chanya, funga hasi, hesabu spana. Washa.